Kijiji Kilichoandikwa Sifuri

"Mama, hapo hakuna mtu," karani wa ofisi ya sensa mjini alisema, akaigeuza kompyuta kidogo ili Bi Eleuteria ajionee mwenyewe.

Bi Eleuteria aliisogelea meza. Alikuwa ametoka Yucukava kabla jua halijachomoza, akashuka kwa miguu mpaka San Onofre, kisha akapanda pikapu ya abiria kwa peso arobaini, amebanwa kati ya magunia ya maharage na mama mmoja mwenye bata mzinga. Kwenye kioo aliona mistari mingi iliyopangwa kama vitanda vya vitunguu. Darasa la tatu alilosoma lilimtosha kulitambua jina la kijiji chake. Pembeni ya jina palikuwa na namba moja tu, ya mviringo.

"Hiyo ni nini?"

"Sifuri. Nyumba kumi na moja, zote tupu. Wakazi sifuri. Ndivyo sensa ya mwaka jana ilivyoandika."

"Na mimi je? Asubuhi hii nimetoka wapi, mwanangu? Nimetoka kwenye sifuri?"

Foleni nyuma yake ikacheka. Bwana mmoja aliyevaa mabuti akasema, "Mguse mkono huyo, asije akawa mzimu!" Wakacheka tena. Bi Eleuteria naye akacheka kidogo, maana usipocheka wanajua wamekuumiza, kisha akaunyosha mkono wake mezani, mkono mkavu wenye vidole vilivyochanjwachanjwa na miyaa, majani ya kusukia kofia, kwa miaka hamsini.

"Gusa," akamwambia karani. "Gusa, usiogope."

Karani hakuwa kijana mbaya. Aliona haya, masikio yakamwiva. Akaeleza polepole kwamba bomba la maji linalotoka chemchemi ya juu litapeleka maji kwenye vijiji vyenye watu tu, na mhandisi wa bomba orodha yake anaichukua kwenye sensa. Kijiji chenye sifuri hakitegewi bomba. Mtaro wa bomba utapita chini ya kilima cha Yucukava na kwenda zake.

"Lakini walikuja!" Bi Eleuteria alisema. "Walitubandikia karatasi milangoni. Yangu nimeivika nailoni mvua isiiharibu. Ina namba tano, na nyumbani kwangu tuko watano. Mimi, mume wangu, mke wa mwanangu, na wajukuu wawili."

"Tano si hesabu ya watu, mama. Tano maana yake ni nyumba isiyokaliwa."

Bi Eleuteria akamkumbuka Crisóforo, mpwa wake, anayeishi peke yake na ambaye mlango wake una tano vilevile. Mwaka mzima kijiji kizima kimemtania kwamba amehesabiwa pamoja na mbuzi wake wanne.

Njia ilikuwa moja, karani alisema. Barua ya kuomba uhakiki, yenye muhuri wa mwenyekiti wa San Onofre, kijiji kinachoisimamia Yucukava, ifike hapo kabla ya Jumatatu. Alhamisi ya wiki ijayo afisa atapanda kilimani siku moja tu, halafu orodha inafungwa.

"Na akija asikute mtu?"

"Basi mtabaki hivyo mpaka sensa nyingine. Miaka kumi."

Ndani ya pikapu ya kurudi, Bi Eleuteria alikuwa ameikumbuka siku moja. Machi ya mwaka jana, saa sita na nusu, jua limewaka kama kaango, watu wote wa Yucukava wamo pangoni wanasuka kofia. Huko ndiko wanakosukia tangu enzi za babu zao, maana juu, katika upepo wa kiangazi, chane za miyaa hukauka na kukatika mikononi, lakini chini ya ardhi kuna unyevu na ukili unaosukwa unakuwa laini kama utepe. Mbwa walibweka. Sauti ikaita kutoka juu, "Hodi hapa! Kuna watu?" Crisóforo alikuwa ameshanyanyuka. Ni yeye Eleuteria aliyemwambia, "Kaa chini. Ni yule muuza sufuria tu. Ukitoka na hilo joto kofia itakukaukia mkononi, asipopata mtu ataondoka."

Naye aliondoka, na jioni walipopanda walikuta karatasi milangoni.

Obdulia, mke wa mwanawe, alikuwa anateremsha ndoo mbili kutoka kwenye mzega, mti wa kubebea mabegani, mama mkwe wake alipoingia uani. Kwenda kisima cha bondeni na kurudi ni saa nzima, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Alisikiliza habari yote amesimama, mkono kiunoni.

"Kwa hiyo mtaro utapita hapo chini tuuone kwa macho," akasema.

"Barua bado haijaandikwa, Obdulia."

"Mama, nilishasema na leo narudia, si kwa ubaya. Hawa wawili niliwaogesha kwa maji ya kopo. Huyu wa tatu sitaweza. Mama yangu ana bomba uani kule mjini. Kama maji hayaji, nitakwenda kwake na watoto, na mwanao Wilfrido akirudi kutoka mashamba ya nyanya atatukuta huko."

Mzee Taurino, mume wa Bi Eleuteria, alikuwa anapasha tortila, mikate ya mahindi, juu ya bamba la jiko. Aliigeuza moja kwa vidole, ingawa ilikuwa ya moto.

"Mkienda ninyi," alisema, "hiyo sifuri yao itakuwa ya kweli. Haitapita wiki watakuwa wameondoka wa jirani Hermelindo, kisha wa nani sijui. Kijiji kinaondoka kama meno, likitoka moja yaliyobaki yanacheza."

"Basi mwambie mkeo apate huo muhuri," Obdulia akajibu, lakini sauti yake ilikuwa imelegea. Akamimina maji kwenye mtungi bila kumwaga hata tone.

Bi Eleuteria alitaka kuwaambia habari ya muuza sufuria. Neno lilifika kooni. Akala tortila na chumvi na pilipili, neno likashuka na chakula.

Huko San Onofre, mwenyekiti Filogonio aliwaacha Bi Eleuteria na mumewe wakae kwenye benchi la nje mpaka amalize kunywa kinywaji chake cha asubuhi. Harufu ya atole, uji wa mahindi wenye mdalasini, ilitoka mlangoni. Waliposema shida yao na kuweka barua mezani, aliegemea kiti akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Shangazi Eleuteria, mbona mnajitesa? Andikeni watu wenu chini ya San Onofre. Ninyi ni watu wetu, si ndiyo? Sisi tutavuka watu mia tano, tutaletewa nesi. Na ninyi nitawategea bomba moja pale njia panda."

"Njia panda ni nusu saa kutoka kwetu," Bi Eleuteria alisema.

"Nusu saa si bora kuliko saa nzima?"

Mzee Taurino akajikuna shingo. "Kwa kweli, Eleuteria, ukiangalia..."

"Ninaangalia."

"Yucukava ni nini?" Filogonio aliendelea. "Ni jina la kilima. Kanisa hamna, shule hamna. Watu wa mashimoni, mchana hata moshi hamtoi! Mtu akipita pale anadhani ni makaburi."

Alicheka, na katibu wake pale pembeni akacheka kwa sababu ilimpasa. Mzee Taurino akaangalia viatu vyake. Jina la watu wa mashimoni wamelizoea toka utoto, shuleni huko San Onofre, sokoni, hata harusini. Lakini kuambiwa ukiwa umeshika kofia mkononi unaomba ni kitu kingine.

"Barabara hii iliyo mbele ya ofisi yako," Bi Eleuteria alisema, "siku za kazi ya jumuiya ilichimbwa na nani?"

"Na wote."

"Yucukava ilileta wanaume kumi na wawili. Uliwaita kwa jina la kijiji chao, nilikuwepo, nilileta maharage. Zamu ya kusafisha makaburini, unatuita Yucukava. Mchango wa sikukuu ya mtakatifu, Yucukava. Wakati wa kutoa tuna jina. Wakati wa kupata tunakuwa kilima?"

"Shangazi, usinipigie kelele."

"Sijapiga kelele. Nataka muhuri."

"Leo nina kazi nyingi. Njoo wiki ijayo."

"Nitasubiri."

Akakaa. Hakukaa nje kwenye benchi, alikaa mle mle ndani, sakafuni karibu na meza. Akatoa kwenye kikapu chane alizozifunga kwa kitambaa kibichi, akaanza kusuka kofia. Watu waliingia na kutoka. Kila aliyeingia aliuliza, "Shangazi, unafanya nini hapa?" Naye akajibu kwa adabu, "Nasubiri muhuri, mwanangu." Makombo ya miyaa yakaenea sakafuni. Katibu akafagia, yakaenea tena. Bi Eleuteria alipofika kwenye ukingo wa kofia, mwenyekiti mwenyewe akainuka, akaivuta barua, akaigonga muhuri kwa nguvu hata wino ukaruka.

"Haya! Lakini Alhamisi nitampandisha mimi huyo afisa. Nitamweleza ukweli wangu."

"Karibu sana," Bi Eleuteria alisema, akakusanya makombo yake yote kwa kiganja, moja moja, asiache hata moja.

Walipokuwa njiani Mzee Taurino alimuuliza, "Na lile bomba la njia panda ungelikubali ungekufa?"

"Nisingekufa. Lakini ningeulizwa natoka wapi, ningejibu nini?"

Mbele kidogo mumewe akamchukulia kikapu, jambo ambalo hakulifanya tangu walipokuwa vijana.

Alhamisi ilipofika, saa mbili asubuhi watu wote wa Yucukava walikuwa milangoni, wamechana nywele, watoto wamevaa soksi. Saa tatu ikapita. Saa nne. Upepo wa kiangazi ukaanza kutoka upande wa mto uliokauka, ule upepo unaopasua midomo.

"Shangazi," Crisóforo alilalamika, "kofia zangu nne ziko nusu. Mnunuzi anakuja keshokutwa. Zikikatika nitamuuzia nini, ndevu zangu?"

"Ndevu zako hata mbuzi wako hawazitaki," jirani mmoja akasema, lakini hata yeye alikuwa akiutazama mlango wa pango.

Saa tano Bi Eleuteria aliona jinsi wanavyomwangalia. Chakula cha wiki nzima kilikuwa kinakaukia mikononi mwao. Wakibaki juu watapoteza kofia, wakishuka chini mtu atakuja awakose kama mwaka jana. Akavua shuka yake ya mabegani akajifunika kichwani.

"Shukeni mkasuke," akasema. "Mimi nabaki juu."

"Peke yako? Kwenye jua hili?" Obdulia aliuliza.

"Safari hii sitoki hapa hata akija muuza sufuria."

Hawakumwelewa. Wakashuka.

Afisa alifika saa saba kasoro robo, kwa miguu, maana gari lilishindwa na mawe. Alikuwa msichana mwembamba aitwaye Amparo, uso umemwiva kwa jua, mkoba mzito begani. Nyuma yake Filogonio alikuwa anapanda huku anahema. Walichokikuta ni milango kumi na moja iliyofungwa, mbwa watatu wanaobweka, na bibi mmoja amesimama katikati ya njia.

"Si nilikwambia?" Filogonio alisema. "Ni vibanda vya kazi hivi. Makwao ni San Onofre."

Amparo akamwangalia bibi. "Watu wako wapi, mama?"

"Chini ya miguu yako, mwanangu. Wako kazini."

Msichana akatazama viatu vyake.

"Kabla hujashuka nina neno," Bi Eleuteria alisema. "Mwaka jana mwenzenu alikuja saa kama hii. Alibisha hodi, tulimsikia sote. Mimi ndiye niliyewakataza watu kutoka. Nilidhani ni mchuuzi, nikaogopa ukili utakauka. Yeye aliandika alichokiona. Kosa ni langu, si la kijiji. Kama kuna karatasi ya kuandika makosa, andika jina langu hapo, halafu andika na wao panapostahili."

Hakujua kwamba Obdulia alikuwa amepanda ngazi kumletea kopo la maji, na amesimama kwenye mlango wa pango anasikia yote.

"Maneno matamu," Filogonio alisema. "Lakini wamekuja leo tu kwa ajili yako, binti. Kesho hutamkuta hata mmoja."

"Nitaangalia," Amparo akasema.

Wakashuka ngazi kumi na nne zilizochongwa kwenye mwamba. Baridi ikawapokea magotini, kisha kifuani. Mwanga uliingia kwa tundu la juu, na chini yake watu wapatao arobaini walikuwa wamekaa kwa duara, vikongwe, akina mama wenye watoto wanaonyonya, wanaume, mikono yao yote ikienda bila wao kuitazama. Sauti ya ukili ilikuwa kama mvua ndogo. Wakasema, "Karibu, binti," kwa pamoja, bila mkono hata mmoja kusimama.

"Kaa hapo, utachoka," Mzee Taurino alimwambia, akimwonyesha nafasi ukutani.

Amparo akakaa, akashtuka, akainuka tena kupapasa. Jiwe lilikuwa limebonyea kama kiti, laini, linang'aa. Pembeni yake kulikuwa na jingine, na jingine, kuzunguka pango zima.

"Haya yamechongwa na nani?"

"Hayakuchongwa," Crisóforo alijibu. "Yameliwa na makalio. Hapo ulipokaa ni pa marehemu bibi yangu. Alikuwa mpana, utastarehe."

Kicheko kikajaa pango. Amparo naye akacheka, kisha akamgeukia mwenyekiti aliyekuwa ameinama mlangoni asigonge kichwa.

"Na hili, bwana mwenyekiti, limefanyika tangu asubuhi?"

Filogonio akajifuta jasho, ingawa kulikuwa na baridi.

Basi Amparo alipanda juu na Mzee Taurino, wakaenda nyumba moja baada ya nyingine. Aliona majiko yenye majivu ya moto wa asubuhi, vitanda, nguo kwenye kamba, mahindi ya mbegu yaliyotundikwa darini. Kisha akarudi pangoni akafungua karatasi zake juu ya magoti, akaanza kuita mmoja mmoja. Jina, umri, kazi. Kwenye kazi walijibu wote neno moja, msusi, na kila aliyefuata alilisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko wa kabla yake. Crisóforo alidai ana miaka thelathini, akazomewa mpaka akafika arobaini na nne. Bi kizee mmoja hakuujua umri wake, akasema andika mwingi.

Ikafika zamu ya Obdulia. Jina likaandikwa, umri, watoto wawili.

"Na huyu je?" Crisóforo akaonyesha tumbo.

"Huyo bado."

"Basi mharakishe, Obdulia! Tunahitaji idadi!"

"Makazi yako ya kudumu ni hapa?" Amparo aliuliza.

Mikono ya Bi Eleuteria ikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke pangoni na kuanza kusuka. Aliutazama ukili wake, hakutaka macho yake yamsihi yule mwanamke aliyebeba ndoo mwaka mzima bila kununa. Haki ya kwenda alikuwa nayo.

Obdulia aliitazama mikono ile iliyosimama mpaka Amparo akainua kalamu.

"Mama mkwe wangu amesimama kwenye jua saa mbili," akasema hatimaye, "ili sisi tusiharibikiwe na kofia. Na amesema mbele ya mwenyekiti jambo ambalo mimi ningelificha mpaka kaburini. Andika hapa. Mimi na watoto, na mume wangu akirudi. Hapa."

Kalamu ikaandika. Bi Eleuteria akaendelea kusuka, lakini mstari ule alikuja kuufumua baadaye, maana ulikuwa umekwenda upande.

Kazi ilipokwisha, Amparo alitoa mkobani kifaa kidogo kama simu nene. Alisema kila kijiji huwekewa nukta moja kwenye ramani, na atakayetumwa baadaye, awe wa maji au wa sensa, huongozwa na nukta hiyo. "Kwingine tunaweka kanisani au shuleni. Hapa niiweke wapi?"

Wakatoka nje wote na mabishano yao. Crisóforo alitaka mlangoni kwake, kwa kuwa ndiyo nyumba ya kwanza. Mzee Taurino alipendekeza chini ya msalaba wa njiani, panaonekana kwa mbali. Mwingine alitaka juu kabisa kileleni, wa San Onofre waone. Wakamgeukia Bi Eleuteria.

"Hapa," alisema, akasimama kwenye ngazi ya kwanza, pale pango linapofunguka. "Atakayekuja saa ya jua kali, hicho kifaa kimlete mpaka hapa mlangoni. Asibishe hodi kwenye nyumba halafu akaenda zake. Ashuke."

Amparo akasimama kando yake, akakinyanyua kifaa kuelekea mbinguni, wakangoja. Watu arobaini na zaidi wakanyamaza kama wanaopigwa picha. Kifaa kikalia. Akasoma namba ndefu, zenye nukta na sehemu zake, na Mzee Taurino akazirudia kwa midomo asizisahau.

"Nisomee na ile nyingine," Bi Eleuteria alisema. "Ile ya jina."

"Yucukava," Amparo akasoma. "Nyumba kumi na moja. Wakazi arobaini na wawili."

"Rudia tafadhali, mwanangu, kwa sauti. Mwenyekiti yuko mbali pale, nadhani hakusikia vizuri."